Dawa Kwanza Ushibe? Nilikomea Msalato

Ushauri wa bure ulinichosha kuliko dawa zenyewe. Nilipoanzishiwa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, enzi zile za kidonge cha TLE, mama mkubwa wangu wa Chamwino alinikalisha chini. "Mwanangu, dawa hiyo kali. Usimeze mpaka ushibe, tena kitu cha mafuta." Nesi alishaniambia nimeze wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu. Lakini nesi kanilea lini?

Jumamosi moja nikapata abiria wa mnadani Msalato, hapa Dodoma. Bodaboda gani anafika pale, harufu ya mbuzi inamvuta pua, halafu anageuza njaa yake? Nikashambulia mbavu, mafuta yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, na hela ya siku karibu yote ikaishia jikoni kwao. Nkuhungu nikarudi najipongeza: leo dawa imetandikiwa godoro. Saa tatu nikameza.

Saa saba usiku nikaamka, au nilidhani nimeamka. Kitanda kinazunguka. Bati linapumua, linapanda na kushuka. Yule mbuzi kakaa nyuma ya pikipiki yangu, ananiuliza nauli ya kurudi mjini ni shilingi ngapi. Nikautafuta mlango, nikaukuta ukuta, kwa paji la uso. Mke wangu akawasha tochi ya simu: "Baba watoto, unapigana na nani?"

Kliniki nesi alicheka kwanza. Ndani ya TLE mna dawa iitwayo efavirenz, na mlo wa mafuta mengi unaufanya mwili uifyonze kupita kiasi. Hapo kizunguzungu na ndoto vinachachamaa. Kilichoniuma si nundu. Kuna siku nilikuwa nimeruka dozi eti kwa sababu nyumbani hakuna chakula! Kumbe nilikuwa nawapa virusi likizo.

Baadaye tukahamishiwa kidonge kingine, TLD, ambacho badala ya efavirenz kina dolutegravir. Hii haijali: ugali wa uwele na mlenda, chai kavu, hata tumbo tupu, twende. Nikajiona fundi. Ila nina kiungulia, nikawa natafuna vidonge vya kiungulia vyenye magnesium kama karanga, nashushia na TLD papo hapo. Nesi akashika kichwa. Magnesium inaing'ang'ania dolutegravir tumboni, haifyonzwi vizuri, na chakula hakiiamui ngumi hiyo. TLD itangulie kwa saa mbili, au ifuate saa sita baadaye.

Mke wangu, ambaye naye anatumia, alipokuwa mjamzito akapewa vidonge vya kuongeza damu. Hivyo aliruhusiwa kumeza pamoja na TLD, mradi iwe na chakula. Hapo mama mkubwa alipatia, kwa bahati.

Ujanja wangu: pakiti ya magnesium inakaa kwenye boksi la pikipiki, natafuna saa saba mchana kijiweni, basi. TLD ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Usiku kiungulia kikinibana navumilia, maana pikipiki inalala kwa jirani mwenye geti.

Juzi mama mkubwa kapiga simu: "Umekula kabla ya dawa?"

"Nimekula, mama."

Nilikuwa nimekunywa chai kavu.