Mlango wa mvule

Leo nimeshinda Jinja, kwenye ile nyumba ya zamani tunayoikarabati. Hajati, mwenye nyumba, alishaagiza mlango wa chuma. Wa mbao, akasema, vijana waupasue uwe kuni.

Nikamwomba nusu saa tu.

Nikakwangua. Rangi ya kijani ikatoka, chini yake bluu, chini yake nyeupe iliyokauka kama ganda la yai.
Halafu mvule ukajitokeza: kahawia iliyokolea, nyuzi zimepishana, hakuna hata tundu la mchwa. (Mchwa na mvule hawaelewani.)

Hajati akapitisha kiganja, mara mbili.
"Mwanangu, huo wa chuma upeleke jikoni."

Vipimo vya jikoni ni vingine kabisa, lakini hayo ni ya kesho na mchomeleaji.

Mafundi wenzangu, niupake vanishi au mafuta ya kitani?