Wanafunzi msifiche talanta zenu jamani

Jana nimeshinda na wanafunzi wa sekondari moja huku kwetu Rift Valley, mwalimu wao aliniita niwaongeleshe kuhusu talanta na kusema kweli nimetoka huko na furaha sana. Nikawapa stori ya Julius Yego, yule mrusha mkuki kijana wa Nandi. Hakuwa na kocha wa mkuki, huku kwetu si mnajua kila mtu ni mbio tu, basi akawa anaingia saiba (cyber cafe) anaangalia video za mabingwa wa mkuki kina Jan Železný wa Czech kwenye YouTube halafu anarudi uwanjani kujaribu mwenyewe, mpaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akatuletea medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Mkenya, kwa mkuki!!

Kuna msichana alikaa nyuma kabisa akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuingia drama na hajawahi kusimama mbele ya watu. Nikamwambia mami andikisha jina leo leo, wasipokuchagua rudi tena, hakuna mtu atakuja kukutafuta kwa dawati. Wenzake walimpigia makofi hadi akacheka.

Wazazi nawaomba sana, mtoto akitaka kuchora ama kuimba msimwambie hiyo ni ya baadaye, hata mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo. Mpeni tu dakika sitini za jioni.