Tafakari ya Ijumaa: Litaje Jambo Lako

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zetu.

Joho limesharudishwa, picha za mahafali ya chuo kikuu kule Tunguu zimeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima, na sasa kila anayebisha hodi anauliza: "Ehe, sasa je?" Kijana akijibu kuwa hajui, huambiwa aswali istikhara, sala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri. Nasaha njema hiyo. Lakini wengi huiswali hali hawana jambo la kuliombea.

Katika Hadithi ya Jabir iliyopokelewa na Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametufundisha rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua, na mwenye haja aitaje haja yake. Aitaje! "Nataka kufanikiwa" si haja ya kutajwa. "Nataka kuomba uzamili wa Kiswahili SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) mwaka huu, ada nilipe kwa mkopo," hiyo ni haja.

Kwa hiyo kabla ya udhu, chukua karatasi uandike sentensi moja: nini, wapi, kwa pesa za nani, mpaka lini. Ikiwa nafasi moja imebaki tupu, nenda kaulize kwanza.

Dua yenyewe imetupa vipimo vitatu: dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu. Vipitishe juu ya sentensi yako. Kazi ya mapokezi katika hoteli ya Nungwi au Kiwengwa: uliza zamu zinaanza saa ngapi, sala ya Ijumaa utaiwahi, na je, utatakiwa kupeleka ulevi mezani? Hayo huulizwa kabla ya kutia saini, kwani baada ya mshahara wa kwanza ulimi huwa mzito. Kazi ya kujitolea: miezi mingapi, nauli ya daladala nani anatoa, na barua ya uzoefu ataisaini nani. Bila ya majibu hayo, miezi mitatu hugeuka miaka miwili.

Uzamili ndio unaowaponza wengi. Huingiwa kwa kukosa kazi, si kwa kuwa na swali la kutafiti. Masomo ya darasani humalizika vizuri, kisha tasnifu inakwama, na ada ya mwaka wa ziada haimo katika hesabu. Nawe ukiwa bado una deni la shahada ya kwanza, lijumlishe humo humo. Mtume (S.A.W.) amesema roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe.

Shauriana pia. Wazazi wana haki yao, lakini mtafute na anayeifanya kazi hiyo leo. Nawe uliyeko Wete au Chake, Pemba, unaweza kumpata kwa simu tu.

Usiiswali istikhara baada ya Alasiri mpaka jua lizame, wala baada ya Alfajiri mpaka jua lipande. Baada ya Isha ni wakati mzuri. Dada aliye katika hedhi asome dua tu, bila ya sala. Wala usilale ukisubiri ndoto, maana Hadithi haikutaja ndoto. Asubuhi peleka maombi yako, na nakala za vyeti zilizothibitishwa ziwe tayari kwenye bahasha. Njia ikifunguka, endelea. Ikifungwa, dua imeshasema "liepushe nami, na uniepushe nalo", basi chukua karatasi nyengine, andika sentensi nyengine, urudi kwenye rakaa zako mbili.