Beethoven kwa mikono minne

Mwaka wangu wa kwanza Leipzig, Ujerumani, Desemba, baridi wacha tu. Chini yetu alikaa bibi mmoja mjane, sijui nani alimwambia nilikuwa napiga kinanda kanisani kwetu Moshi, akanigongea mlango, njoo Jumapili nina kitabu kinataka watu wawili.

Kitabu kimechakaa, kurasa zimeshonwa uzi. Simfoni za Beethoven, zile tungo zake ndefu za okestra, zilizopangwa upya kwa piano moja watu wawili. Akaniambia ni cha bibi yake, enzi hizo kabla ya santuri watu wengi hawakuwa na namna ya kusikia okestra kila wakitaka, so walikuwa wanazipiga wenyewe sebuleni. Liszt, yule mpiga piano na mtunzi, yeye alizipanga zote tisa kwa mtu mmoja tu, alianza 1837 zikaja kuchapishwa zote 1865, lakini hizo bibi alisema vidole vyake haviziwezi tena.

Tukafungua ya Saba, sehemu ya pili. Mimi upande wa besi, na pedali pia yangu. Inaanza na mlio mmoja wa vyombo vya kupuliza, unaingia kwa nguvu halafu unafifia. Nikaupiga nikauachia haraka, bibi akanishika mkono, "Usiondoe, usikilize unavyoisha." Kumbe wale wapulizaji wa okestra wanapunguza pumzi taratibu, ila piano ukishaipiga inafifia yenyewe, kazi yako ni kuiacha!! Nilikuwa nimepiga kinanda miaka tisa na sikuwahi kusikiliza mwisho wa sauti.

Halafu ule mwendo sasa, taa ta-ta taa taa, chini kabisa, polepole, niko peke yangu, bibi mikono mapajani anahesabu kwa midomo. Zamu yake ilipofika akauchukua yeye huku juu, na mkono wangu wa kulia ukapewa wimbo mwingine kabisa, ule wa chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, yaani nilipoteza mstari kwa sababu nilitaka kuusikiliza badala ya kuupiga. Vienna 1813 ilipopigwa mara ya kwanza watu waliomba sehemu hii irudiwe, sisi tuliirudia mara tatu, kahawa ikapoa mezani.

Machi akanipeleka Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa Leipzig, kuisikia kwa okestra. Mlio ule ukafifia, chelo na besi zikaanza mwendo, vidole vyangu vikawa vinatembea gotini, nikamtazama bibi, mikono iko mapajani, anahesabu kwa midomo.