Udongo wa Kabete si wa Embakasi

Tangu mvua zianze, udongo umeniteka akili. Mkazi wa Nairobi anaujua kwa viatu vyake: mwekundu upande wa Kabete na Karura, mweusi wa mfinyanzi huku kwetu Embakasi, unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi. Ila mimi sasa nawawazia wanaoishi ndani yake. Gramu moja tu inaweza kubeba bakteria bilioni moja wa maelfu ya aina, na wa shamba hili si lazima wawe wa shamba lile.

Mtu angetarajia joto au mvua ndizo zinazoamua nani aishi wapi. Mwaka 2006 watafiti Noah Fierer na Robert Jackson walichapisha matokeo ya sampuli 98 kutoka Amerika Kaskazini na Kusini, na kilichoamua zaidi ya vyote kilikuwa kiwango cha asidi. Udongo wa msitu wa Amazoni huko Peru, wenye asidi kali, ulikuwa na aina chache za bakteria kuliko udongo wa jangwani! Nikiwaona wakulima wakitia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu bila chokaa, na DAP huzidisha asidi, moyo unaniuma. Wanabadilisha wakazi wa shamba zima bila kujua.

Lakini kilichoninyima usingizi ni utafiti mwingine wa Amazoni, wa mwaka 2013. Msitu ulipogeuzwa malisho, idadi ya aina za bakteria katika kipande kimoja haikupungua, hata iliongezeka. Kilichopotea ni tofauti kati ya mahali na mahali. Malisho ya hapa yakafanana na ya kule, ilhali msitu kila mahali ulikuwa na wake. Kwa hiyo ukipima kiraka kimoja tu utasema mambo ni shwari. Tangu niusome, nikipita msitu wa Karura namshukuru Wangari Maathai na wenzake waliopigwa mwaka 1999 wakiutetea. Walitetea miti, na chini ya miti wakaokoa viumbe ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Ukifunua majani yaliyooza pembeni mwa njia utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeshona jani kwa jani. Shambani huzioni hivyo, jembe huzikata kila msimu.

Si kwamba shamba ni maiti. Kwa mama, Kabete, tuling'oa maharagwe machanga, mizizi imejaa vinundu kama mtama. Nilipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi, kama fizi ya mtoto. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Mama hutia samadi kila mwaka na hajawahi kusikia habari za bakteria hao.

Kwangu Embakasi, maharagwe ya mbegu ileile yamekuwa ya manjano na mizizi ni mitupu. Jirani zangu hununua lori la udongo mwekundu na kuumwaga juu ya mweusi, nami nilifanya hivyo. Sasa naelewa kwamba udongo huo mara nyingi hutoka kwenye misingi ya majengo, umechimbwa chini sana, na kadiri unavyoshuka ndivyo viumbe wanavyopungua. Rangi ni ya Kabete, wakazi hawamo.

Nimempigia mama simu kumwomba udongo wa shambani, niuchanganye kwenye mashimo kabla ya kupanda tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo Jumamosi na gunia. Na uchote pale maharagwe yalipokuwa, usichote kando ya njia."