Nilivyotenganisha sauti zilizovujiana kwenye mahojiano

Mzee niliyemhoji alikuwa na maiki yake ya kubana shatini, nami yangu, zote zikirekodi kwenye mashine moja, kila moja na chaneli yake. Ila meza ilikuwa ndogo. Sauti yake ilivuja kwenye maiki yangu na yangu kwenye yake, na nilipofungulia chaneli zote pamoja tulisikika kama tumo ndani ya pipa.

Ningeweza kuzima chaneli ya anayenyamaza, lakini kwenye mazungumzo yetu nani hunyamaza? Mmoja akisimulia, mwenzake yuko “ehee”, “naam”, anacheka. Ukiyakata hayo, mazungumzo yanapoa.

Nikachukua chujio linalojirekebisha, hesabu waliyoitoa Bernard Widrow na Ted Hoff, Stanford, mwaka 1960 (Hoff huyuhuyu baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni chipu ya kompyuta ya Intel 4004). Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache. Programu huchukua sampuli za karibuni za chaneli ya mzee (yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu kwa sekunde), huzizidisha kwa namba zake, hujumlisha, na kupata kadirio la sauti ya mzee kama maiki yangu ilivyoisikia. Kadirio hilo hutolewa kwenye chaneli yangu, na kinachobaki ndicho kinachorekebisha namba hizo. Marekebisho niliyagawa kwa nguvu ya sauti yake, ili kicheko kikubwa kisivuruge kila kitu.

Tulikaa mita moja na nusu hivi, yaani sauti ilichelewa milisekunde 4, sampuli kama 200 kwa rekodi ya 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Nikalipa chujio namba za kuzidishia 2048, moja kwa kila sampuli, yaani takriban milisekunde 43 za sauti, ili mwangwi wa kwanza wa kuta nao uingie.

Kazi yenyewe ilikuwa kuamua lini chujio lijifunze. Nikiongea mimi, linadhani sauti yangu ni kosa la kurekebishwa, linapotoka. Kwa hiyo nililiruhusu kujifunza pale tu chaneli ya mzee ilipoizidi yangu kwa desibeli 10 au zaidi. Vinginevyo namba zinabaki zilivyo. Kisha nikageuza upande, nikaitoa sauti yangu kwenye chaneli ya mzee, nikianzia rekodi za asili. Mwangwi wa mbali ulibaki kidogo, nami nikauacha.

Kama mmerekodi kwa simu mbili, linganisheni muda kwanza. Saa za ndani za simu hizo zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, kila dakika inaongeza zaidi ya milisekunde moja, na chujio litashinda likiukimbiza mchelewo usiotulia.