Nyumba Isiondoke Pamoja na Kazi

Mwaka jana mama mkubwa alihama mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyebeba magodoro yake. Ni mjane, anaugua kisukari, na anaishi kwa kuuza unga wa mahindi kwa vipimo vidogo hapa Ruashi, komini ya mji wa Lubumbashi nchini Kongo. Mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba za kupanga) wa kwanza alipandisha kodi ghafla. Wa pili alidai garanti, yaani dhamana ya kodi, ya miezi sita, ingawa sheria ya Desemba 2015 kuhusu upangaji inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi.

Jambo linaloniuma ni kwamba Ruashi yenyewe ilianza kwa fedha za umma. Katika miaka ya 1950, Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa na utawala wa kikoloni mwaka 1952, lilijenga hapa nyumba za watu wa kipato kidogo. Wazee waliokulia katika kambi za Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba ya enzi za ukoloni, wanakumbuka zaidi ya nyumba: poso, zahanati na shule vilikuwa karibu na mlango. Siwezi kuzipamba kambi hizo, kwa maana zilikusudiwa kumshika mfanyakazi na kumchunga yeye na jamaa yake, na aliyeachishwa kazi aliondoka na vyombo vyake. Lakini lile wazo la kuweka mganga na mwalimu karibu na makazi lilikuwa jema, nami nataka tulirudishe bila mnyororo wa mwajiri.

Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo yanayotozwa kampuni kwa madini zinayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, komini, sekta au himaya za machifu ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Naomba wabunge wetu wa jimbo la Haut-Katanga watenge sehemu ya ile 25 kila mwaka, kwa nyumba za kupanga ambazo kodi yake inafuata kipato cha mpangaji, pamoja na mishahara ya muuguzi na mhudumu wa jamii wa kuwatembelea wajane, wagonjwa na walemavu. Mishahara hiyo iandikwe katika bajeti tangu mwanzo, kwa sababu kuta bila muuguzi hazimtoshi mtu kama mama mkubwa.

Kwa sasa analala chumba kimoja na binti zangu. Insulini yake inatunzwa kwa jirani mwenye friji, na umeme ukikatika tunaifunga kwa kitambaa chenye maji.